Thomas Bodley na Maktaba ya Oxford: Mjenzi, Wahisani na Hatima ya Lugha ya Umma

1.0 Utangulizi

Maktaba nyingi za vyuo vikuu ulimwenguni zilianza kwa zawadi. Mtu mmoja alitoa vitabu vyake, mwingine akatoa fedha, na wa tatu akatoa jengo. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba wingi wa zawadi peke yake haujapata kuifanya maktaba idumu. Chuo Kikuu cha Oxford kina mfano wa hali zote mbili. Katika karne ya 15 chuo hicho kilipewa moja ya hazina kubwa za miswada nchini Uingereza, na baada ya takriban miaka mia moja hazina hiyo ilikuwa imetoweka. Mwishoni mwa karne ya 16 chumba kile kile kilifufuliwa na Thomas Bodley (1545-1613), naye akaacha maktaba ambayo imeishi kwa zaidi ya karne nne.

Maisha ya Bodley yana mafunzo kwa wanaoshughulikia lugha na fasihi kwa sababu mbili. Kwanza, yanadhihirisha ni kitu gani huigeuza zawadi ya siku moja kuwa taasisi. Pili, yanaonyesha kosa ambalo mjenzi hodari anaweza kulifanya anapoamua ni maandishi ya lugha gani yanayostahili kuhifadhiwa. Bodley alitafuta kwa bidii vitabu vya lugha ambazo hapakuwa na mtu wa kuzisoma Oxford, lakini aliidharau fasihi iliyokuwa ikiandikwa na kuchezwa katika lugha yake mwenyewe. Mambo haya mawili yalitoka katika maisha yale yale, na ndiyo yanayojadiliwa katika makala haya.

2.0 Mtoto wa Uhamishoni

Thomas Bodley alizaliwa tarehe 2 Machi 1545 katika mji wa Exeter, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake, John Bodley, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo na Mprotestanti mwenye msimamo mkali. Malkia Mary wa Kwanza alipotawala kuanzia 1553 na kuirejesha nchi katika Ukatoliki, watu wa namna ya John Bodley walikuwa hatarini. Familia ilikimbilia Ujerumani, ikakaa Wesel na Frankfurt, na hatimaye mwaka 1557 ikahamia Geneva.

Uhamisho huo, uliowapokonya kina Bodley nyumba na biashara, ulimpatia mtoto wao elimu ambayo huenda asingeipata nyumbani. Geneva wakati huo ilikuwa kitovu cha wanazuoni wa Kiprotestanti. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Thomas alihudhuria masomo ya Kiebrania na Kigiriki chini ya walimu mashuhuri, na alisikiliza mihadhara ya dini ya Calvin na Beza. Aidha, baba yake alikuwa miongoni mwa waliotoa fedha kugharimia tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotayarishwa na wakimbizi hao na kuchapishwa Geneva mwaka 1560. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ambamo kitabu kilihesabiwa kuwa kitu cha kulipiwa gharama, na ambamo lugha ngeni ilikuwa mlango wa elimu.

Jambo moja katika malezi haya linafaa kuzingatiwa. Baba alitumia mali yake ili neno lisomwe katika lugha ya watu wa kawaida. Mwana, kama itakavyoonekana, alitumia mali yake katika kuzikusanya lugha za wasomi.

3.0 Mwalimu, Msafiri na Balozi

Malkia Elizabeth wa Kwanza aliposhika utawala mwishoni mwa 1558, wakimbizi walianza kurejea. Thomas aliingia Oxford katika Koleji ya Magdalen na kupata shahada ya kwanza mwaka 1563. Muda mfupi baadaye alichaguliwa kuwa mwanachuoni wa Koleji ya Merton, na mwaka 1566 alipata shahada ya umahiri. Huko Merton alifundisha Kigiriki, mwanzoni bila ya ujira, na baadaye falsafa ya maumbile. Mwaka 1569 alishika wadhifa wa msimamizi wa nidhamu wa Chuo Kikuu. Hali kadhalika, aliendelea kuikuza elimu yake ya Kiebrania wakati ambapo waliojua lugha hiyo Oxford walikuwa wachache.

Mwaka 1576 aliondoka kwenda kuzuru Ulaya bara, akakaa huko takriban miaka minne katika Italia, Ufaransa na Ujerumani. Safari hiyo ilimpa umilisi wa Kiitaliano, Kifaransa na Kihispania. Aliporudi aliingia katika utumishi wa Malkia. Alipata kuwa mbunge, na mwaka 1585 alitumwa kwa Mfalme wa Denmark na kwa watawala wa Ujerumani ili kutafuta msaada kwa Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1588 alipelekwa kwa siri kwa Henri wa Tatu wa Ufaransa. Kuanzia mwishoni mwa mwaka huo hadi 1597, pamoja na vipindi vya kurudi nyumbani, alikuwa mwakilishi wa Uingereza mjini The Hague, akiwa na kiti katika Baraza la Nchi la Uholanzi.

Kazi ya ubalozi ilimchosha. Alijikuta katikati ya Malkia aliyetaka kulipwa madeni yake na Waholanzi waliokuwa wakipigana vita vya kujikomboa kutoka kwa Uhispania. Huko London nako alivutwa huku na huku. Earl wa Essex, kipenzi cha Malkia, alimsifu mno na kutaka apewe wadhifa wa Katibu wa Serikali. Lord Burghley, ambaye hapo kwanza alimwunga mkono Bodley, alikuwa akimtayarishia wadhifa huo mwanawe, Robert Cecil. Sifa za Essex zikageuka kuwa sumu: kila alipomtaja Bodley kwa wema, akina Cecil walizidi kumtilia shaka. Fahali wawili walipigana, na nyasi ziliumia. Mwaka 1597 Bodley aliamua kujitoa kabisa katika mambo ya serikali, na baadaye alipoombwa kurejea alikataa.

Kabla ya kwenda Uholanzi alikuwa amemwoa Ann Ball, mjane wa mfanyabiashara wa Totnes aliyetajirika kwa biashara ya samaki wadogo jamii ya dagaa. Mali ya mjane huyo ndiyo iliyompatia Bodley sehemu kubwa ya uwezo aliokuja kuutumia. Wasomi wa Oxford walioketi baadaye katika maktaba hiyo walinufaika, bila ya kujua, na jasho la wavuvi wa pwani ya Devon.

4.0 Chumba Kitupu

Katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaandika mwaka 1609, Bodley alieleza kwamba alipotafakari ni kazi gani imfae katika siku zake zilizobaki, alijikagua na kuona kuwa anavyo vitu vinne: ujuzi wa lugha za kale na za kisasa pamoja na elimu nyinginezo, fedha za kutosha, marafiki wengi wenye nafasi, na faragha ya kuishughulikia kazi bila ya kuingiliwa. Aliamini kwamba kimoja kati ya hivyo kikikosekana, kazi haiwezi kufanikiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kukifufua chumba. Askofu Thomas Cobham alianzisha maktaba ya Chuo Kikuu mnamo 1320. Kisha, katika miaka ya 1430 na 1440, Duke Humfrey wa Gloucester, ndugu yake Mfalme Henry wa Tano, alitoa miswada zaidi ya 280. Zawadi hiyo ilikuwa kubwa hata ikalazimu kujengwa ukumbi mpya juu ya Shule ya Theolojia, nao ulikamilika mwaka 1488. Lakini mwaka 1550 wakaguzi wa serikali ya Mfalme Edward wa Sita waliisafisha maktaba hiyo, wakikusudia kuondoa kila kilichonuka Ukatoliki. Vitabu vilitawanyika, na vichache mno ndivyo vilivyopata kurudi. Mwaka 1556 Chuo kiliteua watu wa kuuza hata madawati na viti. Bodley alipokuwa mwanafunzi na mwalimu Oxford, Chuo Kikuu hakikuwa na maktaba yake. Kilikuwa na chumba tu.

Si sahihi kudhani kwamba maktaba ya Duke Humfrey iliuawa na wakaguzi peke yao. Uvumbuzi wa uchapaji ulikuwa umeipunguzia miswada thamani machoni pa wasomi, na Chuo hakikuwa na fedha za kununua vitabu vipya vilivyochapwa. Hapakuwa na mali iliyotengwa kwa ajili hiyo. Duke alitoa vitabu, lakini hakuacha kitu cha kuvilinda wala cha kuviongeza. Dhoruba ilipofika, ilikuta nyumba isiyo na nguzo.

Tarehe 23 Februari 1598 Bodley alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo akiahidi kukitengeneza chumba kwa gharama yake, kukiwekea rafu na viti, na kukitafutia vitabu pamoja na pato la kudumu. Chuo kilikubali kwa furaha. Merton ilisaidia katika kupata mbao, na dari ilipambwa kwa nembo za Chuo Kikuu na za Bodley mwenyewe.

5.0 Wahisani na Daftari Lao

Bodley hakuwa na uwezo wa kuijaza maktaba peke yake, na hakujaribu. Alichokifanya ni kuwageuza marafiki zake kuwa wahisani, na uhisani wao kuwa jambo la kuonekana. Alitengenezesha daftari kubwa la ngozi lililojaladiwa kwa fahari, ambamo liliandikwa jina la kila aliyetoa pamoja na vitabu alivyovitoa au vilivyonunuliwa kwa fedha zake. Daftari hilo liliwekwa hadharani, mahali ambapo kila aingiaye angeliona. Waswahili husema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Bodley aliyajua maana ya maneno hayo, lakini aliongeza matumizi ya pili. Kwake daftari lilikuwa pia chambo. Mtukufu aliyeona jina la mwenzake katika ukurasa huo alitamani na lake liwemo.

Majina yaliyomo ni picha ya Uingereza ya wakati huo. Thomas Sackville, Mkuu wa Chuo, alitoa. Walter Raleigh alitoa. Baraza la kanisa kuu la Exeter, ambamo ndugu yake Laurence Bodley alikuwa mmoja wa makasisi, lilitoa miswada 81 mwaka 1602, na kwa njia hiyo maandishi ya kale sana ya Uingereza yakaokolewa. Fedha za Earl wa Northumberland zilitumika kununua vitabu vya Kichina. Paul Pindar, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza mjini Aleppo, alipeleka miswada ya Kiarabu, Kiajemi na lugha nyingine za Mashariki mwaka 1611, baada ya Bodley kumwomba amtafutie.

Si kila zawadi ilikuwa safi. Mwaka 1596 jeshi la Essex, likirejea kutoka Cadiz, lilishuka katika mji wa Faro nchini Ureno na kuiteka maktaba ya askofu wa huko. Sehemu ya vitabu hivyo Essex aliitoa kwa maktaba ya Bodley mwaka 1600, navyo viliingizwa katika daftari kama hisani ya mtukufu. Kilichokuwa hasara ya Faro kikawa utajiri wa Oxford. Daftari la Bodley lilieleza kwa uaminifu ni nani aliyetoa. Halikuuliza alikipata wapi alichokitoa. Swali hilo limeendelea kuzikabili maktaba na makumbusho ya Ulaya, nalo linagusa pia maandishi mengi yaliyotoka Afrika.

Vilevile Bodley alijifunza kutofautisha ahadi na zawadi. Mfalme James wa Kwanza alimpa hadhi ya Sir mwaka 1604, na mwaka huohuo hati ya kifalme iliipa maktaba jina la Bodley. Mwaka 1605 Mfalme aliizuru, akafurahishwa mno, na akaahidi kwamba Bodley angeweza kuchagua vitabu katika majumba yote ya kifalme. Ahadi hiyo nono ilizaa matunda machache sana. Wahisani wadogo waliotoa kitabu kimoja kimoja walifaa zaidi, kwa maana kutoa ni moyo, si utajiri.

6.0 Mkutubi na Utaratibu

Maktaba ilifunguliwa rasmi tarehe 8 Novemba 1602 ikiwa na vitabu zaidi ya 2,000. Mkutubi wa kwanza alikuwa Thomas James, mwanazuoni hodari na mchapakazi aliyeishika kazi hiyo hadi 1620. Barua nyingi ambazo Bodley alimwandikia zimehifadhiwa, nazo zinaonyesha tajiri asiyeacha jambo lolote lipite: aliandika kuhusu minyororo ya kufungia vitabu vikubwa, mpangilio wa herufi katika orodha, makosa ya majina ya waandishi na nakala zilizojirudia. Alitaka mkutubi asiwe na mke, ili nyumba isishindane na maktaba. James alipoomba ruhusa ya kuoa, Bodley alikubali kwa shingo upande.

Kanuni zilikuwa kali. Kitabu hakikuazimwa nje kwa mtu yeyote, hata angekuwa na cheo gani. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kuazima kitabu, mkutubi wa wakati huo akamwonyesha kanuni, na Mfalme akaitii. Moto na taa vilipigwa marufuku, na wasomaji waliapa kutoingiza moto ndani. Kwa sababu hiyo wasomaji walitegemea mwanga wa jua, na wakati wa baridi walivumilia. Maktaba ilifunguliwa saa sita kwa siku, jambo lililokuwa la ukarimu kwa zama zile.

Mwaka 1605 James alichapisha orodha ya vitabu vya maktaba, ambayo ni miongoni mwa orodha za mwanzo kuchapwa za maktaba iliyo wazi kwa wasomi. Iligawanywa kufuata vitivo vinne: theolojia, tiba, sheria na sanaa. Mwaka 1620 ilitoka orodha ya pili iliyopangwa kwa majina ya waandishi kwa mfuatano wa alfabeti. Umuhimu wa orodha hizo ulikuwa mkubwa kuliko unavyoonekana leo. Msomi aliyekuwa Paris au Leiden aliweza kujua kilichopo Oxford kabla ya kuanza safari, na mhisani aliweza kuona kilichokosekana.

Mwaka 1609 Bodley alitimiza ahadi ya pato la kudumu. Aliiwekea maktaba ardhi katika Berkshire na nyumba za kupangisha mjini London, ili kodi yake ilipe mshahara wa mkutubi na kununua vitabu. Mtu wa mwambao wa Afrika Mashariki angeuita mpango huo wakfu: mali imefungwa, na matunda yake yanatumika. Hapa ndipo Bodley alipomzidi Duke Humfrey.

7.0 Mapatano ya Mwaka 1610

Hatua kubwa zaidi ilitokana na wazo ambalo kwa kawaida huhusishwa na James. Tarehe 12 Desemba 1610 Chuo Kikuu kilifikia mapatano na Chama cha Wachapaji na Wauza Vitabu cha London. Kwa mujibu wa mapatano hayo, chama kilikubali kutoa kwa maktaba, bila ya malipo, nakala moja ya kila kitabu kipya kitakachochapwa na wanachama wake. Chama kizima kikawa mhisani, tena mhisani asiyechagua.

Utekelezaji ulisuasua. Wachapaji wengi walichelewa au walikwepa, na ilibidi wakumbushwe mara kwa mara. Lakini msingi ulikuwa umewekwa. Sheria zilizofuata nchini Uingereza ziliigeuza hiari hiyo kuwa wajibu, na kutoka huko fikra hiyo ilienea hadi katika makoloni. Sheria za nchi za Afrika Mashariki zinazowataka wachapishaji wawasilishe nakala za vitabu kwa serikali au kwa maktaba zilizoteuliwa ni za ukoo huohuo.

Vitabu vilipoongezeka, Bodley aliongeza jengo. Kati ya 1610 na 1612 lilijengwa bawa jipya lenye rafu zilizosimama ukutani kutoka chini hadi juu pamoja na roshani za kuzifikia, mtindo uliokuwa mpya nchini Uingereza.

8.0 Lugha za Mbali na Lugha ya Nyumbani

Kwa mwanaisimu, sehemu inayovutia zaidi ya maisha ya Bodley ni msimamo wake kuhusu lugha. Alinunua na kuomba vitabu vya Kiebrania, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kichina. Vya Kichina vilianza kufika mwaka 1604, wakati ambapo Oxford haikuwa na mtu hata mmoja wa kuvisoma. Hata upande wa juu wa ukurasa haukujulikana. Hoja ya Bodley ilikuwa kwamba kitabu kikiwapo, ipo siku atatokea mwenye bidii atakayekifahamu. Subira hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1687 Shen Fuzong, Mchina aliyekuwa Ulaya pamoja na mapadre Wajesuiti, alifika Oxford na kumsaidia mkutubi Thomas Hyde kuvitambua vitabu hivyo. Vilikuwa vimesubiri zaidi ya miaka 80.

Subira hiyo Bodley hakuitoa kwa Kiingereza. Maktaba yake ilitawaliwa na Kilatini. Mapatano ya 1610 yalipoanza kuleta vijitabu vya kila aina kutoka London, alishtuka. Mwanzoni mwa 1612 alimwandikia James mara mbili kuhusu jambo hilo. Alimtaka asiviingize rafuni vitabu vya tamthilia, kalenda za falaki na matangazo. Alikadiria kwamba labda tamthilia moja katika arobaini ingestahili kuhifadhiwa, na alihofu kwamba maneno yangezagaa kuwa maktaba inajazwa takataka. Alikiri kuwa tamthilia za mataifa mengine zina thamani kwa wanaojifunza lugha za mataifa hayo, lakini hakuona kwamba za Kiingereza zina thamani kama hiyo.

Wakati anaandika hayo, Shakespeare alikuwa hai na kazi zake zikichezwa London. Bodley hakuwa mjinga wa lugha. Alikuwa pengine miongoni mwa Waingereza waliojua lugha nyingi zaidi katika kizazi chake. Tatizo lilikuwa mizani. Alipima thamani ya andiko kwa hadhi ya lugha yake na kwa heshima ya wasomaji wake, si kwa kile ambacho vizazi vijavyo vingetaka kujua. Andiko la Kichina lilikuwa mbali, na umbali ukalipa utukufu. Andiko la Kiingereza liliuzwa barabarani kwa bei ndogo, na urahisi huo ukalinyima heshima.

9.0 Kifo na Lawama

Ann Bodley alifariki mwaka 1611. Thomas alifuata tarehe 28 Januari 1613, naye akazikwa katika kanisa la Koleji ya Merton. Hawakuacha mtoto. Wosia wake uliipa maktaba sehemu kubwa ya mali, zikiwemo fedha za kujenga ghorofa ya juu ya majengo mapya ya masomo. Jiwe la msingi la majengo hayo liliwekwa siku iliyofuata mazishi yake.

Sifa zilikuwa nyingi, lakini palikuwa na manung'uniko. John Chamberlain, rafiki yake wa miaka mingi na mwandishi maarufu wa barua, alilalamika kwamba marehemu alilewa na fahari ya maktaba yake hata akawasahau ndugu, watumishi na marafiki, na hasa watoto wa mkewe, ambao mali ya baba yao ndiyo iliyomtajirisha. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa. Daftari la wahisani halikuwa na ukurasa wa watoto wa kina Ball, ingawa wao nao, bila ya kuulizwa, walikuwa wametoa.

10.0 Hitimisho

Kilichotokea baada ya kifo cha Bodley kinaikamilisha hadithi ya maisha yake. Mwaka 1623 tamthilia za Shakespeare zilichapishwa kwa mara ya kwanza katika juzuu moja kubwa. Kwa sababu ya mapatano ya 1610, nakala moja ilifika Oxford, ikajaladiwa na kufungwa kwa mnyororo. Hivyo utaratibu alioujenga Bodley ulikileta ndani ya maktaba kitabu cha aina ileile aliyoikataa. Baadaye, katika karne ya 17, toleo jipya lilipopatikana, nakala hiyo ilihesabiwa kuwa ya ziada na kuondolewa. Mwaka 1905 ilionekana tena mikononi mwa familia moja ya Kiingereza, na mwaka 1906 maktaba iliinunua kwa pauni 3,000 zilizochangwa na watu wengi. Wahisani wapya walilipa gharama ya dharau ya kale. Kabla yao, mwaka 1640, Robert Burton alikuwa ameirithisha maktaba vitabu vyake, vikiwemo vijitabu na tamthilia za Kiingereza, na mwaka 1821 ulifika mkusanyo mkubwa wa tamthilia uliokuwa wa Edmond Malone. Pengo lililoachwa na mwanzilishi lilizibwa na waliotoa baada yake.

Mambo mawili yanadhihirika. La kwanza ni kwamba zawadi hudumu pale inapozungukwa na daftari, orodha, kanuni, mkutubi anayelipwa na pato lisilotegemea huruma ya mwaka. Duke Humfrey alitoa vingi na vikapotea. Bodley alijenga utaratibu, na utaratibu ukavihifadhi hata vile asivyovitaka. La pili ni kwamba mjenzi wa maktaba hawezi kuaminiwa peke yake kuhukumu lugha ya umma wake. Nguvu ya mapatano ya 1610 ilikuwa katika kutochagua.

Suala hili si geni kwa Kiswahili. Kumbukumbu za misheni ya UMCA, zenye barua za Askofu Edward Steere aliyekitafiti Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, zimehifadhiwa leo katika maktaba hiyohiyo ya Bodley, na mtafiti wa Kiswahili anayezihitaji sharti aahidi, kama wasomaji wa 1602, kutoingiza moto. Wakati huohuo vijitabu vya hadithi vilivyochapwa kwa bei nafuu, magazeti ya mitaani, tenzi zilizonakiliwa katika madaftari ya shule na michezo ya vikundi vya sanaa katika miji ya Afrika Mashariki mara nyingi havifiki katika rafu yoyote. Wanaovidharau hutumia, bila ya kujua, mizani ileile ya Bodley. Maktaba ya chuo inayopokea misaada ya vitabu kutoka mbali, na isiyokusanya kinachochapwa umbali wa mitaa miwili, inarudia nusu mbaya ya kazi yake na kuiacha ile njema.